Kichwa Upande wa Juu

Maiti ya mpagazi Kobe ilionekana saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, chini ya jabali dogo karibu na chemchemi, hatua kama mia mbili kutoka kwenye loji. Aliyeiona ni mpishi, aliyekwenda kuchota maji ya chai ya wageni. Ilipofika saa moja, mpishi huyohuyo alikuwa amefungiwa stoo ya gesi, na meneja wa loji alikuwa ameshapiga simu kituo cha polisi kilichoko nusu ya njia, kusema kwamba muuaji amepatikana na kilichobaki ni kuja kumchukua.

Sajenti alifika saa sita na robo mchana na askari wawili, wote pumzi juu juu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kuwaacha watu waseme mpaka waishiwe maneno. Loji ile ilijitangaza kuwa mahali pa kupumzika juu ya mawingu, na kusema kweli, palipendeza. Palikuwa na mashuka meupe, madirisha marefu kama milango, na baraza la mbao lililotokeza juu ya bonde. Katikati ya baraza lilikaa beseni la shaba la kuogea, ili mgeni ajilaze kwenye maji ya moto huku anatazama kilele. Beseni lile halikuota pale. Lilibebwa siku tatu mgongoni mwa mtu mmoja, yuleyule aliyeitwa Kobe kwa sababu ukimtazama kwa nyuma akiwa na mzigo huoni kichwa, unaona gamba na miguu tu.

"Shikamoo, Mjomba," Sajenti alisema.

"Marahaba, mama. Pole na mlima."

Kiongozi mkuu wa wapandaji alikuwa kaka wa mama yake. Ndiye aliyemlea na kumsomesha, na likizo za shule alimpandisha mlima huuhuu akimfundisha kazi, maana hakuamini kwamba msichana wa ukoo wake angeishia kuvaa buti za polisi. Leo macho yalikuwa mekundu na sauti imekauka. Sajenti alimwonea huruma, kwa sababu Kobe alikuwa mpagazi wake kwa miaka kumi na tisa.

Walimpeleka kwenye maiti. Hakuna aliyeigusa ila meneja, aliyepekua mifuko na kutoa saa ya mkononi ya dhahabu, mali ya bibi mmoja mgeni. Sajenti alipiga magoti, akaandika kila alichokiona. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna damu. Midomo ya buluu. Puani, povu lililokauka, lenye wekundu kwa mbali. Njia ya kuja chemchemini ilikuwa tope tupu, lakini soli za viatu vya Kobe zilikuwa kavu, na ile ya kulia ilikuwa na kiraka cha mpira mwekundu. Kwenye visigino yalinasa maranda ya mbao. Kamba za viatu zilikuwa zimelegezwa. Koti lilikunjwa likawekwa chini ya mabega. Mtu mwenyewe alilala sambamba na mteremko, kichwa upande wa juu.

Aliitazama ile sehemu ya mwisho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kuna kitu kilimchoma, akakisukuma kando, akafunga daftari.

Meneja alimngojea sebuleni, ametandaza mikono kama mwenye karamu. Alikuwa mtu wa mjini, mwezi wa tatu tu pale mlimani, na kila baada ya sentensi mbili alisimama kuvuta pumzi.

"Kesi yenyewe nyepesi, Sajenti. Kobe aliiba saa ya mgeni. Mpishi akamgundua, wakagombana, akamsukuma jabalini. Jana mchana watu wote waliwasikia wakifokeana."

"Kobe aliiba saa ngapi?"

"Saa moja usiku, alipokwenda kumwaga maji ya beseni. Mgeni alikuwa ameivua akaisahau ukingoni."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Mzima, anapiga mluzi."

"Mluzi," Sajenti alirudia, akaliandika neno lile peke yake kwenye mstari wake.

Mpishi alitolewa stoo ya gesi. Kobe alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Alipoonyeshwa kiti alikaa chini sakafuni, na Sajenti naye akashuka akakaa sakafuni.

"Mligombana?"

"Tuligombana, afande, sikatai. Alifika na beseni lao saa nane, anatapika, hata jina langu amelisahau. Nikamwambia, 'Shemeji, tua huo mzigo, teremka sasa hivi, kichwa kikiuma hivyo huu mlima hauna masihara.' Akanitukana! Akasema meneja kaapa, beseni lisipokuwa barazani kabla ya jua kuzama asitie mguu hapa tena. Saa kumi akaanguka. Akalazwa stoo ya vifaa, na mimi nikaambiwa nirudi jikoni, wageni wana njaa."

"Nani alikwambia?"

Mpishi aliangalia mlango. "Wote," alisema.

"Kuanzia saa moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Meza ya wageni, afande, nawakatia nyama mbele yao mpaka saa tatu. Nilipokwenda stoo hayupo. Nikaambiwa amepata nafuu, kateremshwa. Nikashukuru Mungu, unaona? Nikalala usingizi!" Akalia bila kujificha. "Sasa wanasema mwizi. Dada yangu ana vijana watatu wanaotegemea mlima huu. Mtoto wa mwizi nani atampa mzigo hapa? Hata mkinifunga, afande, mimi nifungeni, lakini lile neno liondoeni."

Sajenti hakumwahidi kitu. Alijua neno lile likishuka na maiti mpaka nyumbani, halitatoka tena.

Mwenye saa alikuwa bibi mpole wa kutosha, aliyesikitika kwa namna ya mtu aliyevunjikiwa kikombe. Alisema aliivua saa yake baada ya kuoga, na kabla ya hapo alikuwa amepigwa picha nzuri mno. Je, Sajenti angependa kuiona? Sajenti alipenda.

Ilikuwa picha nzuri kweli. Kilele chekundu kwa jua la kuzama, mvuke, bega la bibi, mkono umenyooshwa ukingoni na saa ya dhahabu inang'aa. Simu iliandika muda wake chini: saa kumi na mbili kasorobo jioni. Sajenti aliikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya bega la bibi, mlango wa stoo ya vifaa ulikuwa wazi kidogo, na mlangoni zilionekana soli mbili za viatu, zimeelekea juu kama za mtu aliyelala chali. Ya kulia ilikuwa na kiraka chekundu.

"Loo, hata sikuziona," bibi alisema. "Itabidi niikate hapo pembeni."

Sajenti alimrudishia simu. "Kabla hujaikata, nitumie. Na mnisamehe kwa swali: jana mlilala vizuri?"

"Vizuri kabisa! Meneja alituletea ule mtungi wa hewa usiku wa juzi na mchana wa jana, mimi na mume wangu. Unaamka kama mtoto."

Stoo ya vifaa ilitenganishwa na chumba cha kulia kwa ukuta wa mbao. Sakafu ilijaa maranda, yaliyotoka kwenye kasha la beseni. Pembeni ulisimama mtungi mmoja wa oksijeni, ule wa dharura, ambao sheria ya mlima inataka uwe umejaa saa zote. Mshale ulikuwa kwenye sifuri, na ndani ya barakoa palikuwa na alama ya rangi ya mdomo, nyekundu. Sajenti alimwita meneja, akamwonyesha mtungi, akamwonyesha picha. Ule mwili wa karamu ulinywea palepale.

"Ukimwona tena mtu anapiga mluzi huku amelala chali hajitambui, niite na mimi nimwone," Sajenti alisema. "Saa ya bibi uliitia mfukoni mwake saa ngapi?"

"Asubuhi," meneja alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa ameshakufa, Sajenti! Nilitaka kuinusuru loji. Wakijua mtungi ulikuwa mtupu, wanafunga. Lakini sikumpeleka kule, naapa. Mimi hapa ngazi zenyewe zinanishinda, ningembebaje mtu?"

Sajenti alijua kwamba hapo anasema kweli, na akatamani awe anasema uongo. Angemtia pingu, akashuka na askari wake, na jioni angempigia mama yake simu kumwambia Mjomba anawasalimu. Alibaki amesimama kwenye maranda. Kobe hakutembea mpaka chemchemini, maana soli zake hazikuwa na tope. Alibebwa. Mpishi alikuwa mezani mbele ya wageni, na meneja hana mapafu wala mgongo. Aliyembeba alikuwa mtu wa mlima, na aliacha alama ambayo ni watu wa mlima tu wanaoiacha, bila hata kujua wameiacha.

Saa kumi jioni alimwita Mjomba stoo, akafunga mlango.

"Kaa, Mjomba."

"Nitasimama tu."

"Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilizidiwa hapa mlimani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulinitapikia begani."

"Ulinilaza chini. Ukaniambia nishike mambo matatu, hata nikisahau mengine yote. Nitajie."

Mzee aliangalia mikono yake. Akataja polepole, kwa sauti ileile ya zamani: "Kichwa upande wa juu. Koti chini ya mabega. Kamba za viatu legeza, miguu isife ganzi."

Sajenti aliona maneno hayo yalivyomfikia mwenyewe.

"Kobe nimemkuta hivyo," alisema. "Yote matatu."

Nje wageni walicheka kitu, viti vikaburuzwa barazani. Mjomba sasa alikaa, juu ya kasha la beseni.

"Mtungi ulikuwa mtupu," alianza. "Nilimwekea barakoa, nikafungua, kimya. Kumshusha kunataka watu wanane wa kupokezana, na wageni walikuwa wanaondoka kwenda kileleni leo baada ya chai. Ningewatoa wapi watu wanane? Meneja akasema tungoje asubuhi. Nikangoja. Lakini alikuwa anakoroma, mama. Ule mkoromo wa maji kifuani. Ukuta wenyewe ndio huu. Wako mezani, mmoja akaniuliza ni mnyama gani huyo."

"Ukafanyaje?"

"Huu ulikuwa msimu wangu wa mwisho. Miaka thelathini na moja sijafiwa na mgeni, mpaka walitaka kuniandalia sherehe. Nikasema nimsogeze mbali kidogo mpaka wamalize kula. Nikambeba mgongoni, nikamweka pale ambapo upepo haufiki. Nikarudi." Alifuta uso kwa kiganja. "Halafu sikwenda tena. Nilijua nitakachokikuta, sikwenda."

Sajenti alikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na yule msichana wa miaka kumi na miwili, na huyo ndiye aliyekuwa akimwumiza zaidi. Alitoa karatasi za maelezo, akaandika kwa dakika ishirini, bila kuinua kichwa.

"Umeandika nini mwishoni?" Mjomba aliuliza.

"Bado sijafika mwishoni."

"Basi nisikilize, mwanangu. Andika kwamba nilidhani ameshakufa. Kuficha maiti ni kosa, nitalikubali, nitafungwa, nitatoka. Lakini lile jingine sitatoka. Mimi mzee. Sentensi moja tu. Nani atajua? Mimi na wewe."

"Na Kobe."

"Nilikubeba wewe pia kwenye mgongo huuhuu."

"Ulinibeba," Sajenti alisema, na machozi yakamtoka waziwazi, akayaacha. "Ukanishusha mpaka chini. Wageni wako walingoja siku nzima, hukujali. Ndiyo maana najua ulikuwa unajua la kufanya." Akavuta pumzi. "Maiti hailazwi ili ipumue vizuri, Mjomba. Ulimlegeza viatu ili asife ganzi. Ulijua yu hai."

Sajenti aliandika mistari miwili: kwamba mshukiwa alimlaza marehemu kichwa upande wa juu, akamwekea koti chini ya mabega na kumlegeza kamba za viatu, na kwamba marehemu hakuiba kitu chochote. Akamgeuzia karatasi na kumpa kalamu. Mjomba alisoma mara mbili, akatia sahihi kwa uangalifu, kama alivyokuwa akitia kwenye ripoti za shule za mpwa wake.

Walipotoka, meneja alikuwa ameshafungwa pingu, na bibi mgeni alikuwa anamwuliza askari ni nani sasa atakayechemsha maji. Mpishi aliambiwa yuko huru. Hakushukuru. Alikwenda moja kwa moja kwenye machela alimowekwa Kobe, akashika mpini wa mbele upande wa kulia, akaita watu waanze kumshusha shemeji yake nyumbani kabla giza halijaingia.

Wapagazi walitoka jikoni, wakatoka mahemani, wengine wakiwa bado wanafunga mikanda. Mjomba alisimama kati ya askari akiwatazama wanavyojipanga, wanne huku na wanne huku. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Watu wanane walipatikana ndani ya robo saa.