Mlango wa Bi Zamoyoni

Kichoranjozi, mashine ya kuchora ndoto, kilinyoosha mikono yake sita, na ukuta wa ukumbi wa Chuo Kikuu cha Ng'ambo Mpya ukaanza kujaa rangi. Mwanafunzi alikaa kitini, kofia ya nyaya kichwani. Kofia ilisoma ndoto ya maisha yake, mashine ikaichora: hospitali inayoelea angani, naye ndiye daktari mkuu. Wenzake wakapiga makofi.

Mwasiti hakupiga. Zamu yake ilikuwa inafuata, na asiyechorwa hakuhitimu. Kwa miaka minane alikuwa ameilea ndoto ya kujenga jumba la maigizo la watoto viziwi, kama mdogo wake, ambamo waigizaji wangesema kwa mikono. Kilichomkosesha raha ni kwamba katika picha zote thelathini za darasa lao zilizokwisha kuchorwa, hata ile ya shamba la mwezini, palikuwa na mlango uleule wa kijani, bawaba ya juu imelegea. Hakuna aliyekiri kuuwaza.

Alimwuliza Kihampa, mhandisi wa mashine. Kihampa akajikuna shingo, akaeleza kwamba mashine haijui kuota mpaka ifundishwe, na hii ilifundishwa na mwanafunzi mmoja hodari wa kuchora. Waundaji walipanga akae kitini siku tatu. Picha zake zikawanogea, wakamwacha kitini siku arobaini.

"Tangu hapo hatamani kitu," alisema. "Hata ukimkumbusha ndoto yake, haimkai akilini. Nyinyi mnakaa robo saa tu, hamdhuriki."

"Yuko wapi?"

Kihampa akaonyesha kwa kidevu. Bi Zamoyoni, mfanyakazi wa ukumbi, alikuwa anafuta jasho kwenye kofia, kama kila siku.

Mwasiti alimwamkia, akampa penseli na daftari, akamwomba achore mlango wowote. Mama yule akacheka kwa haya, eti hajui kuchora. Lakini mkono haukusita: fremu, kitasa, bawaba iliyolegea. Ulipofika kizingitini ukakwama.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Sijui, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nadhani nilikuwa nakwenda huko."

Kihampa akaita jina la Mwasiti. Kofia ilikuwa imeshafutwa. Mwasiti aliogopa kukosa kuhitimu, lakini hakuinuka. Alichukua daftari, akauzungushia mlango ule jumba lake la maigizo, kwa mistari iliyopinda, kisha akamwonyesha Bi Zamoyoni, ambaye macho yake yalikuwa yameshakauka.

"Mlango mzuri," alisema Bi Zamoyoni kwa adabu. "Wa nyumba ya nani?"

"Wako, mama," alisema Mwasiti, akijua kwamba kesho atamjibu tena.