Alibadilisha Majina Tu

Kasiva alisikia uvumi ule akipanga mitumba ya watoto kibandani kwake Uthiru.

"Mama Ndunge, umesoma hii hadithi ya Facebook?" Ni Maureen wa kibanda cha pili, simu mkononi. "Kuna mama Mkamba aliolewa na bibi mzee. Mwanamke kuolewa na mwanamke, wewe. Bibi analeta wanaume, mama anafungua mlango. Na huyo mama anauza mitumba ya watoto kando ya Waiyaki Way, na binti yake ana kovu la uji shingoni."

Maureen akatazama simu, akamtazama Kasiva. Huko kutazamwa ndiko kulikomuua Kasiva.

Maana ni kweli aliolewa na mwanamke. Kwao Kitui, mama asiyejaliwa mtoto anaweza kutoa mahari akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa boma lake. Ndivyo Ndeti alivyomuoa Kasiva, akamtunza kama yai. Hapa Nairobi Kasiva alijiita mjane tu, watu wasimcheke.

Lakini binti yake Ndunge alipopata mchumba, Lenox, kijana wa Bungoma anayeandika riwaya na kuziweka Facebook, ilibidi Ndunge amwambie siri hiyo. Mbuzi wa ntheo, wale wanaofanya msichana wa Kikamba ahesabike ameolewa, wangepelekwa kwa Ndeti. Baba wa kuwapokea hakuwepo. Safari ilipangwa Jumamosi.

Wakakutana wote watatu mgahawani Hurlingham. Nyumbani kwa Lenox, Kileleshwa, Kasiva hakutaka kukanyaga kabla mbuzi hawajafika.

"Lenox, nimesomewa hadithi yako."

"Asante, mama. Imeenda mbali sana hiyo."

"Imefika mpaka kibandani kwangu."

Lenox akaweka kikombe chini. "Mama, hiyo ni riwaya. Kila mwandishi anachota nyumbani. Na majina nilibadilisha."

"Basi ungechota kwenu."

"Kwetu? Baba angenikata kichwa."

"Jina langu ulibadilisha, kazi yangu ukaiacha. Kovu la mtoto wangu ukaliacha."

"Mwandishi anaandika anachojua, mama."

"Hukujua. Uliambiwa, ili ujue mbuzi unampelekea nani. Na hao wanaume umewatoa wapi? Babake Ndunge alikuwa mmoja, seremala, nikampenda mpaka akafa."

"Hapo niliongeza chumvi kidogo. Wasomaji wanataka moto."

"Ungeuwasha kwenu huo moto."

Ndunge alikuwa anakoroga chai ambayo sukari iliyeyuka zamani.

"Mwambie, Ndunge," Lenox akasema. "Asidhani niliiba. Ndunge anasoma kila sura kabla sijaiweka."

Kasiva akageuka polepole. "Ulisoma?"

"Nilimwambia atoe hiyo ya wanaume, mama."

"Akakataa."

"Akakataa."

"Na wewe?"

"Niliogopa ataniacha."

Simu ya Kasiva ikaita. Alikuwa Ndeti, kutoka Kitui.

"Mwaitu," Kasiva akasema, ndivyo alivyomwita tangu aolewe, yaani mama yangu.

"Kasiva, wamenisomea hapa sokoni." Sauti ya Ndeti ilikuwa chini sana. "Wananiuliza kama nilikuwa nakuuza."

"Sikusema hayo, Mwaitu."

"Nani mwingine aliyajua ya nyumba yangu?"

Kasiva akamtazama binti yake. Hakuweza kumtaja.

"Haya. Mwambie huyo bwana asilete mbuzi. Nikila mbuzi wake, nimekubali kila neno."

Simu ikakatwa. Machozi ya Kasiva yakashuka, hakuyafuta.

"Nitaifuta hadithi leo," Lenox akasema haraka.

"Utaifuta na kwa kichwa cha Maureen?"

Lenox akaacha kumtazama, akashika mkono wa Ndunge. "Mpenzi, tusikwamishwe na mbuzi. Tuoane kiserikali. Wiki ijayo tu, mimi na wewe. Nakupenda, unajua."

Ndunge alijua. Alimpenda kijana huyo mpaka akakonda, na mdomo ulikuwa karibu kusema ndiyo. Kasiva aliona na akajua amempoteza mtoto.

Kisha Ndunge akauliza, "Na haya ya leo, Lenox? Simu ya nyanya, mama akilia hapa. Utayaandika?"

Lenox akafikiri. Alifikiri kidogo zaidi ya inavyofaa.

"Si mara moja," akasema. "Na nitabadilisha majina."

Ndunge akavua pete ya uchumba, akaiweka kwenye kisosi. Lenox hakuichukua. Aliitazama kwa makini, kama mtu anayekariri.

Ujumbe ulimkuta Ndunge akiwa tayari Uthiru: "Rudi babe. Bila wewe siandiki kitu." Hakujibu. Alilia mpaka kope zikavimba.

Jumamosi mbuzi hawakwenda. Ndeti hapokei simu ya Kasiva mpaka leo. Mama na binti wanaishi chumba kimoja, na Kasiva akianza kumweleza jambo, hukata katikati akasema chai inachemka.

Wamama na mabinti, haya muyaepuke:

Kutoa siri ya nyumba ambayo mwenyewe hajakubali itoke.

Mwanaume anayelinda jina la babake akachezea la mamako.

Kuificha mila yenu kama wizi. Angalau isemeni wenyewe kwanza, kabla ya mwingine kuisema vibaya.

Kusoma uongo juu ya mama yako ukanyamaza ili usiachwe. Mtaachana tu.