Kabla Taa Haijawa Kijani

"Leo utaniambia, Githinji! Leo ni mimi na wewe, na uwanja wote huu ushuhudie!"

"Mama Wanja, nimekwambia tangu juzi. Mashine yangu haijagusa stima ya nyumba yako."

"Haijagusa? Kila ukiwasha hilo dude lako, taa zetu zinakonyeza kama jicho la mlevi! Halafu tivi yangu inakufa, na wewe unaniambia haijagusa?"

Watu waliangua kicheko. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya kufua katika mtaa wa Jericho, na kufua ni kazi ya mikono tu. Masikio na midomo hubaki na nafasi tele. Wanawake walikuwa wameinama juu ya beseni zao, lakini hakuna aliyekuwa akitazama nguo.

Amondi, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa karibu na mfereji akisuuza blauzi yake ya shule. Povu lilikuwa limekwisha zamani, naye bado anasuuza. Hakuthubutu kuinua kichwa.

Githinji, fundi wa kuchomelea vyuma, alisimama mlangoni mwa kibanda chake cha mabati kwenye pembe ya uwanja, miwani yake myeusi ikiwa juu ya paji la uso. "Hebu nikuulize," alisema kwa upole. "Si tivi yako ina gadi? Hiyo gadi nayo iliungua?"

"Gadi ni nzima! Inawaka kijani kama kawaida. Sasa ona vile mashine yako ni mbaya: imeiruka gadi ikaenda kuua tivi!"

"Umeme hauruki kama panya, Mama Wanja."

"Wako unaruka!"

Kicheko kikazuka tena. Safari hii hata Githinji alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Mzee Naftaly, karani mstaafu wa reli ambaye watu wa uwanja ule walimchagua mwenyekiti wao, aliinua mkono wake uliojaa sabuni.

"Yatosha. Tukutane hapa saa kumi. Tutaamua kama mashine ya Githinji inabaki ama inaondoka."

Blauzi ilimponyoka Amondi ikaangukia tope.

Ukweli wa jambo lile aliujua yeye peke yake.

Tangu mama yake, Rispa, apate kibarua katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, Amondi alikuwa akishinda kwa Mama Wanja kila akitoka shule. Mama Wanja aliuza mboga sokoni, akarudi jioni. Ufunguo wa nyumba hakumpa bintiye Wanja, kwa sababu Wanja angeweza kupoteza hata viatu alivyovivaa. Alimpa Amondi. "Mtaa mzima," alizoea kuwaambia wateja wake, "ufunguo wangu nimempa mtoto mmoja tu, yule wa Rispa."

Na nyumba yenyewe ilikuwa nyumba ya watu. Sebuleni mlikuwa na runinga kubwa, bapa, juu yake kitambaa cheupe alichokifuma Mama Wanja mwenyewe. Jumamosi jioni mlango ulikuwa wazi. Majirani waliingia na viti vyao, watoto wakajipanga sakafuni, chai ikapita mkono kwa mkono. Aliyekosa nafasi alichungulia dirishani na bado akapewa kikombe.

Runinga hiyo ilipata umeme kupitia gadi, kijisanduku cheupe chenye taa, kilichochomekwa ukutani ili kuikinga na umeme unaozidi. Stima ikipotea na kurudi, taa ya gadi iliwaka nyekundu kwanza. Ilibidi kungoja hadi igeuke kijani ndipo runinga iwake. Mama Wanja alikuwa ameonya mara nyingi: "Ikiwa nyekundu, ngojeni. Hata mimi mwenye nyumba hungoja."

Alhamisi ile Wanja alibaki shuleni kwa mazoezi ya kwaya. Amondi aliingia peke yake akiwa na haraka. Kulikuwa na tamthilia ambayo darasa zima lilikuwa likiizungumzia, na siku hiyo ndiyo ingejulikana nani aliyemwiba mtoto wa tajiri. Kabla hajaketi, taa zikafifia, zikarudi. Gadi ikawa nyekundu. Amondi akangoja. Kupitia ukutani alisikia runinga ya jirani ikianza kupiga muziki wa mwanzo wa tamthilia. Gadi bado nyekundu.

"Leo tu," alijiambia. Akauchomoa waya wa runinga kwenye gadi, akauchomeka moja kwa moja ukutani.

Picha ikatokea. Amondi alicheka peke yake kwa furaha. Lakini hata mwizi hajatajwa, stima ikapotea tena, kisha ikarudi kwa kishindo. Balbu iling'aa nyeupe kupita kiasi, ndani ya runinga kukasikika mlio mfupi, *tap!*, na kioo kikawa cheusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

Amondi alirudisha waya kwenye gadi. Alifungua dirisha, akapepea harufu kwa daftari la hesabu. Kitambaa kilikuwa kimesogea, akakinyoosha pembe zote zikae sawa. Na pale dirishani alimwona Githinji kule pembeni akipaka geti rangi kwa brashi, huku akipiga mluzi. Mashine yake ilikuwa imezimwa, waya umeviringwa.

Jioni Mama Wanja alipoikuta runinga imekufa, alimtaja Githinji kabla hata ya kuvua viatu. Amondi alifungua mdomo ili aseme. Kisha akaufunga.

Sasa, baada ya kuanika nguo, alimkuta Wanja na Frankline, kijana wa jirani, wamekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Mama Wanja.

"Niaje, Amondi," Frankline alisema. "Tunapanga mazishi ya tivi. Wewe utasoma historia ya marehemu."

Wanja alicheka, Amondi hakucheka.

"Una nini wewe?" Wanja aliuliza. "Tangu Alhamisi hata chai yetu hunywi."

"Wanja, na kama... kama si Githinji?"

"Basi ni nani? Mzimu?"

Amondi alitazama vidole vyake vya miguu. "Mimi nauliza tu."

"Muulize mwenyewe basi. Mama amesema ni yeye, na Mama akishasema!" Wanja alirusha mikono juu kama mamaye, Frankline akaanguka kwa kicheko.

Amondi akaondoka. Miguu ilimpeleka hadi kibandani kwa Githinji. Huyu ndiye aliyewatengenezea kitanda chao kilipovunjika, akakataa kuchukua chochote ila sahani ya samaki. Siku zote kibanda chake kilijaa cheche na kelele. Leo kilikuwa kimya, naye alikuwa akiipangusa mashine yake kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Amondi, mwanangu. Karibu. Leo hakuna cheche za kutazama."

"Kwa nini unaisafisha, Fundi?"

"Kuna mtu wa Industrial Area anakuja kuinunua jioni. Nimtafutie Mama Wanja tivi nyingine, mambo yaishe."

Amondi aliishika mashine kwa mikono miwili. "Lakini umesema si wewe!"

Githinji alikaa juu ya mkebe wa rangi. "Nilisema hivyo. Lakini Alhamisi asubuhi nilichomelea lile geti zito. Mtu ukiambiwa jambo siku tatu, na watu unaowapenda, unaanza kujiuliza. Labda niliiumiza asubuhi, ikafa jioni. Hata mimi sasa naanza kuamini kwamba ni mimi."

"Na utafanya kazi gani bila mashine?"

"Mungu yupo." Alijaribu kucheka. "Nitakuja kujifunza kuuza mboga kwa Mama Wanja, kama atanikubali."

Amondi alikimbia. Alijifungia chooni akalia mpaka mtu akagonga mlango.

Saa kumi ilipofika, viti vilipangwa chini ya kamba za nguo. Rispa alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka kiwandani, leso bado kichwani, akasimama nyuma ya watu. Githinji aliileta mashine yake kwa mkokoteni, akaiweka katikati.

"Mwenyekiti, sitaki maneno mengi," alisema. "Kama ni mimi niliyemharibia Mama Wanja, naomba radhi. Mashine hii inauzwa leo, nami nitamlipa tivi yake."

Watu waliinamisha vichwa. Hata Mama Wanja, ambaye hakuwahi kukosa neno, alianza kuchezea pindo la kanga yake. "Githinji, mimi sikusema uuze..."

"Si yeye!"

Watu wakageuka. Sauti ilikuwa nyembamba, imetokea kati ya shuka mbili zilizokuwa zikikauka. Amondi alisimama pale, mashavu yamelowa.

"Nani anazungumza?" aliuliza mzee Naftaly.

"Amondi," Rispa alisema, akapenya kati ya watu. "Umesema nini? Rudia, na useme kwa sauti."

"Si Fundi Githinji. Ni mimi. Gadi ilikuwa nyekundu, nikashindwa kungoja. Nikachomeka tivi ukutani. Stima ikarudi kwa nguvu ikaungua. Kisha nikarudisha waya kwenye gadi ili isijulikane. Fundi alikuwa akipaka geti rangi. Nilimwona. Mashine ilikuwa imezimwa." Alivuta pumzi. "Nilimwona, na nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka, hata Frankline. Githinji alikaa taratibu juu ya mkokoteni wake, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Kumbe si mimi," alisema. "Jamani, kumbe si mimi."

Maneno hayo yalimchoma Amondi kuliko fimbo. Alingoja Mama Wanja apige kelele. Angalau angepiga kelele! Lakini Mama Wanja alimkaribia, akanyoosha kiganja chake.

"Ufunguo," alisema.

Amondi aliutoa shingoni pamoja na uzi wake. Mama Wanja aliupokea, akaingia ndani, akafunga mlango. Ilikuwa Jumamosi, na mlango wa Mama Wanja ulikuwa umefungwa. Majirani walibeba viti vyao wakatawanyika bila soga.

Nyumbani, Rispa hakumpiga. Alivua leso, akakaa kitandani. "Kesho utaenda kwa Githinji, utamwomba msamaha peke yako," alisema. "Kisha kwa Mama Wanja. Asipokufungulia, utaenda tena."

Githinji, ambaye mashine yake ilikuwa imerudi kibandani, alimsamehe kabla hajamaliza sentensi. Mama Wanja hakufungua. Wiki nzima Amondi alifanyia kazi zake za shule kwenye ngazi ya nyumba yao, akisikia vicheko vya wenzake kwa mbali. Wakati huohuo Githinji aliipakia runinga kwenye mkokoteni, akaipeleka Buruburu kwa rafiki yake Seth, fundi wa vifaa vya umeme. Seth aliifungua, akakuta kifaa kinachopokea umeme ndani yake ndicho pekee kilichoungua. Kioo kilikuwa kizima. Rispa na Githinji wakasaidiana kugharamia, bila kumtangazia mtu.

Jumamosi iliyofuata, Amondi aliamka mapema akaenda sokoni. Mama Wanja alikuwa amekaa nyuma ya gunia la minji, yaani njegere, akiambua peke yake. Amondi alimsogelea. Alichuchumaa, akachukua minji ya maganda, akaanza kuambua. Bakuli la kwanza likajaa. La pili likajaa. Kucha zake zikawa kijani.

"Nani amekutuma?" hatimaye Mama Wanja aliuliza.

"Hakuna, Mama Wanja. Nitakuja kila Jumamosi. Naomba msamaha."

Mama Wanja aliendelea kuambua. "Unajua ni nini kilichoniuma? Si tivi. Ungeniambia siku ileile, ningepiga kelele mpaka Buruburu wasikie, halafu yangekwisha. Kukosa subira ni utoto, na utoto unasamehewa. Lakini ulimwona mtu akibebeshwa kosa lako, siku moja, siku ya pili, siku ya tatu, mpaka akataka kuuza riziki yake. Hilo ndilo baya. Kosa ukiliungama mapema linabaki dogo. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine wa kumuumiza."

"Ndiyo, Mama Wanja."

"Na usidhani ni wewe tu." Aliteremsha sauti, na huyu ni mtu ambaye sauti yake haikuzoea kuteremka. "Mimi mtu mzima nilimhukumu jirani yangu kabla ya kuvua viatu. Sikuuliza, sikuchunguza. Wewe ulinyamaza pale pa kusema, nami nikasema pale pa kunyamaza. Jana nilikwenda kibandani kwake kumwomba radhi, na nilivyo na maneno mengi, siku hiyo yalinikauka."

Jioni runinga ilirudi. Majirani walijaa na viti vyao, na harufu ya chapati na minji ikafika hadi mferejini. Githinji alipewa kiti cha mbele kabisa, kile cha mito. Amondi alibeba ndoo yenye minji iliyobaki, akaiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua. Ndani aliiona gadi. Stima ilikuwa imepotea na kurudi, na taa ilikuwa nyekundu. Nyumba nzima ilikuwa ikiitazama.

Akageuka aende.

"Wewe!" Mama Wanja aliita toka jikoni, sahani mkononi. "Umeniambulia gunia zima la minji, halafu unataka kuondoka bila kuionja? Wanja, msogelee mwenzako. Githinji, vuta miguu yako mtoto apite. Ingia, Amondi, ingia ukae tule. Hiyo taa tutaingoja sote."