Parachichi na Jiwe la Baba

Nakijwa ana miaka sita na masikio makali. Kila jioni husikia gari la Baba likipanda kilima cha Usangi.

Gari hilo ni la kijani, na limezeeka. Nakijwa huliita Parachichi.

Vuuu, vuuu... du!

Hiyo du ni jiwe kubwa la uani. Baba hasimami mpaka gurudumu ligonge jiwe. Ndivyo alivyozoea.

"Baba Nakijwa, gari lina breki," Mama humwambia.

"Jiwe linanijua," Baba hujibu, kisha huingia ndani kula.

Siku moja Bibi akapiga simu. Ng'ombe wake alikuwa amezaa.

Kwa Bibi, ndama hupewa jina siku ya saba. Mjukuu wa kwanza kuleta majani ndiye anayechagua jina.

Mwaka jana aliwahi Mbonea, binamu yake Nakijwa. Mbonea alifikiri sana. Akamwita ndama "Ng'ombe".

"Safari hii nitawahi mimi," akasema Nakijwa.

Siku ya saba ikawa Jumamosi. Nakijwa aliamka mapema, akakata majani, akayafunga vizuri.

Akachuchumaa kando ya Parachichi kumsubiri Baba. Akaligusa tairi la mbele.

Upande wa nje, tairi lilikuwa na mifereji yake. Upande wa ndani halikuwa na kitu. Lilikuwa laini tu.

"Baba, njoo uone. Tairi lina kipara."

Baba akagusa tairi. Kisha akagusa kichwa chake.

"Ni barabara hiyo," akasema. "Barabara yetu ina mawe."

Nakijwa akalizunguka gari. Tairi la pili, zima. La tatu, zima. La nne, zima.

"Baba, mbona haya nayo yanapita barabara hiyohiyo?"

Baba akatazama mawingu.

Mama akaja, akainama, akaona. "Kwa tairi hili hamshuki mlima kwenda kwa Bibi. Mtateleza."

Nakijwa akayakumbatia majani yake. Machozi yalikuwa karibu. "Ndama ataitwa Ng'ombe tena," akasema.

Baba akamhurumia. "Twende kwa Fundi Namsifu. Ni nyumba ya tatu tu."

Parachichi likaenda taratibu. Vuuu... vuuu...

Fundi Namsifu alikuwa mama mrefu mwenye ovaroli ya bluu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Nakijwa. Parachichi anaumwa?"

"Tubadilishie tairi tu," akasema Baba. "Tuna haraka."

"Nikibadilisha tairi tu, jipya nalo litapata kipara," akasema Fundi. "Huko ni kutwanga maji kwenye kinu."

Akatoa uzi mrefu. Yeye akashika huku, Nakijwa akashika kule. Wakauvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele.

Uzi ulinyooka. Gurudumu la nyuma lilinyooka. Gurudumu la mbele, wapi. Lilitazama pembeni kidogo, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

"Unaona?" akasema Fundi. "Gari linakwenda mbele, gurudumu linataka kwenda pembeni. Basi tairi linajisugua njia nzima."

Kisha akauliza, "Gurudumu hili limegongwa mara nyingi. Nani analigonga?"

"Ni barabara hiyo," akasema Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nakijwa alimpenda sana Baba. Lakini tairi jipya nalo lisije likapata kipara. Akasema polepole, "Vuuu, vuuu... du."

Fundi akacheka mpaka spana ikamdondoka. Baba naye akacheka. Angefanyaje?

Fundi akalegeza nati. Kri, kri, kri. Akalisogeza gurudumu kidogo, akapima kwa uzi. Bado.

Kri, kri. Akapima tena. Sasa lilinyooka.

Ndipo akafunga tairi jipya. "Na lile jiwe," akamwambia Baba, "liache lipumzike."

Vuuu, vuuu, wakashuka mlima, wakafika kwa Bibi.

Mbonea alikuwa amefika kitambo. Lakini majani alikuwa ameyasahau nyumbani. Sasa alikuwa akihangaika kuyatafuta nyuma ya zizi.

Nakijwa akampa ndama majani. Ndama akayanusa, akapiga chafya.

Usoni alikuwa na mstari mweupe. Ulianzia utosini ukashuka hadi puani, umenyooka sawasawa.

"Anaitwa Uzi," akasema Nakijwa. Moyo wake ulijaa furaha.

"Uzi," akasema Bibi. "Jina limemkaa."

"Hata Ng'ombe lilikuwa jina zuri," akasema Mbonea.

Jioni wakarudi nyumbani. Vuuu, vuuu...

Baba akakanyaga breki. Kimya. Jiwe lilikaa peke yake.

Mama akatoka mbio na mwiko mkononi. "Sijasikia du. Nani kaleta gari hili?"

"Mimi, mume wako," akasema Baba.

Baada ya chakula, Nakijwa akapanda kitandani. Taa ikazimwa. Baba akaja kumfunika shuka.

Du!

Kidole cha mguu wa Baba kilikuwa kimegonga kitanda.

"Ni kitanda hicho," akasema Baba.

Nakijwa akacheka ndani ya shuka. "Baba, kesho nitakupeleka kwa Fundi Namsifu. Akupime kwa uzi."

Baba akacheka huku akisugua kidole. Nakijwa akafumba macho, akalala, amenyooka sawasawa.