Siku Mbili Kabla ya Arobaini na Tisa

Alasiri ile katika gereji moja mjini Numata walikuwepo watu wanne. Ebisawa Tokuji, mwenye gereji. Obuchi Kanji, fundi wake. Si Kobuchi, kama gazeti lilivyoandika baadaye. Nemoto Shizue, mjane. Na Nemoto Masuyo, mama wa marehemu, aliyekaa juu ya tairi kuukuu akiwa na mwavuli mapajani.

Marehemu alikuwa Nemoto Haruyoshi. Gari la mbio lililokuwa mle gerejini alilitengeneza yeye, na fahari yake ilikuwa mtambo uliogeuza magurudumu ya nyuma pamoja na ya mbele. Moyo ulisimama ghafla. Alasiri hiyo ilikuwa siku ya arobaini na saba tangu kifo, na kwa imani yao roho huondoka ya arobaini na tisa.

"Tokuji," alisema mama, "mwanangu bado hajaondoka. Ngoja keshokutwa arobaini na tisa zitimie. Ndipo uguse vitu vyake."

"Mama, nyuma pakitulia Shizue ataendesha salama. Ni hilo tu."

Obuchi alicheka chini ya gari. "Salama! Sema kweli, bosi. Nyuma ikigeuka, unamwona Haruyoshi amemshika shemeji kiuno."

"Fungua nati, wewe. Mdomo uache."

Lakini ilikuwa kweli. Ebisawa alikuwa na wivu miaka kumi na miwili, kimya kimya, na ingawa Shizue alikwisha kumwahidi ndoa, hakuweza kuvumilia hata chuma kilichopita mkononi mwa mwenzake.

Wakautoa mtambo. Mahali pake wakafunga nondo nene ya chuma ili magurudumu ya nyuma yabaki yamenyooka, kisha wakaziba mabomba ya nyuma, pampu ya usukani isukume mafuta mbele tu. Obuchi alipima mara mbili. Yalikuwa yamenyooka.

Hapo ikaja harufu ya mafuta ya kamelia.

"Nani kapaka nywele?" Obuchi alinong'ona akitoka chini ya gari.

Haruyoshi peke yake ndiye aliyepaka mafuta hayo, na pampu, ambayo injini yake ilikuwa imezimwa, ilianza kulia taratibu kama mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyobana, na usukani ukazunguka bila mkono, na magurudumu ya nyuma, yaliyofungwa kwa nondo isiyopinda, yakageuka polepole mpaka yakamwelekea Ebisawa pale aliposimama.

"Haru," mama alisema kwa sauti ndogo, "mwanangu, tulia."

Shizue alimshika Ebisawa mkono. "Urudishe mtambo wake. Nakuomba. Siku mbili tu, kisha mimi ni wako."

"Na leo?"

"Leo bado ni mke wake."

Uso wa Ebisawa ukabadilika. Akalishusha gari kutoka kwenye jeki, akaingia.

"Bosi, acha utoto!" Obuchi alipiga kelele.

"Leo atajua nani anashika usukani."

Akateremka barabara ya mlimani, mvua ikinyesha. Shizue, aliyesimama getini, aliona kwenye kona ya kwanza gari likikatwa kushoto, magurudumu ya mbele yakatii, na ya nyuma yakageukia upande yaliotaka yenyewe, gari likaruka nje ya barabara.

Kesho yake mtawa wa hekalu alisoma dua gerejini, na harufu ikaisha. Kwenye mabaki ya gari nondo ilikutwa imenyooka, nati zote zimekaza.

Ebisawa Tokuji alifariki siku ile ile ya ajali, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.