Andika kwa Bibi

Mvua ilikuwa imeshika tangu jioni, maji yamejaa mpaka kwenye kizingiti, lakini daktari aliyeingia sebuleni usiku ule alikuwa na viatu vikavu. Aliyeviona ni Bibi, ambaye katika nyumba ile hakikupita kitu bila yeye kukikagua. Alivitazama vile viatu, vyeusi, vina vumbi jembamba kwenye ncha, kisha akamtazama mkwewe. Mkwewe alikuwa amempakata mtoto, hana nafasi ya viatu vya mtu.

Mtoto huyo walimwita Kasuku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza tena, hata usingizini alikuwa akibishana na watu. Usiku ule alikuwa kimya. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa shida, kikipiga mluzi mwembamba kila alipovuta hewa. Pampu yake ya pumu ilikuwa imekwisha, na kliniki iliyo mtaa wa pili ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu nyumba hii, la sivyo mtamwona baba yake Kasuku mbaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa fundi wa majokofu, na watu wote walimwita Fundi, mpaka mama yake mzazi. Aliwapenda watu wake sana, ila alikuwa mkono wa birika, na mkono wa birika mbele ya daktari hupata kiharusi. Bahati yake ni kwamba Bibi alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha nguo akiwa na kadi ya bima. Kadi ile ilipaswa kumtibu Bibi peke yake, lakini ilitibu ukoo mzima. Kila mtu alipougua, Fundi alikwenda nayo kliniki, karani wa dirishani akauliza, "Niandike kwa nani?" na yeye akajibu bila kupepesa macho, "Andika kwa Bibi." Karani alikohoa kidogo, akaandika. Kwa mujibu wa kadi ile, Bibi aliwahi kuvunjika mguu akicheza mpira, aliwahi kumeza kifungo, na mwaka aliostaafu alijifungua mtoto wa kike mwenye afya njema. Wenyewe walicheka sana juu ya hilo.

Lakini kadi ilifanya kazi mchana tu. Usiku, Fundi alikuwa amesikia kwa kinyozi, daktari wa zamu anakutoza mpaka unauza kitanda ulichougulia. Kuuliza si ujinga, lakini hakwenda kuuliza. Akaweka sheria yake: ugonjwa wa usiku ungoje kuche. Na ukweli ni kwamba magonjwa mengi yalingoja.

Huu haukungoja. Mama Kasuku alimwambia mumewe apige ile namba ya usiku iliyobandikwa kwenye mlango wa kliniki, na alimwambia kwa sauti ambayo mume mwenye akili habishani nayo. Fundi akachukua simu, akatoka barazani. Mkewe alimsikia akiongea kati ya ngurumo za mvua, akieleza, akibembeleza. Hata kitambaa cha maji ya moto kwenye kifua cha mtoto hakijapoa, mlango ukagongwa.

Yule daktari alikuwa mrefu, mpole, na alinuka chuma kilicholala kwenye maji. Mkoba aliuweka chini, hakuufungua. Aliweka kiganja kwenye kifua cha Kasuku, akakiacha hapo muda mrefu, na mluzi ule ukapungua, ukapungua, mpaka ukakatika. Kasuku akafumbua macho, akaomba maji, akalalamika kwamba glasi si yake. Mama yake akaanza kulia.

"Dozi hii haiishi kwa mara moja," daktari alisema. "Nitarudi kuimalizia. Niandike kwa nani?"

Hakuwa na kalamu wala karatasi. Fundi, kwa furaha na kwa mazoea, akacheka.

"Andika kwa Bibi."

Daktari akageuka taratibu, akamtazama Bibi kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayepima nguo kwa macho. Akaitikia kwa kichwa. Walimwona akielekea mlangoni, lakini hakuna aliyeusikia mlango ukifungwa.

Asubuhi Kasuku aliamka na maneno ya wiki nzima. Bibi hakutoka chumbani. Mama Kasuku alipompelekea chai alimkuta ameketi kitandani, ameshika ukingo wa godoro, na kifuani mwake mnalia mluzi mwembamba, mdogo, ambao haukuwa wa umri wake. Bibi hakuwahi kuugua kifua maisha yake yote. Hata vumbi la pamba la kiwandani lilikuwa limemshindwa.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe kwa tabu, "yule si daktari. Daktari hukanyaga maji."

Mama Kasuku alijiambia ni maneno ya mgonjwa, lakini shaka ilikuwa imeshaingia, na shaka ni kama mchanga kwenye wali. Kwanza alimshuku mumewe. Alimuuliza wametozwa kiasi gani. Fundi akasema mambo yote yamo kwenye kadi. Alimuuliza yule daktari anaitwa nani. Fundi akakumbuka kwamba kuna jokofu la mteja linamsubiri. Mtu aliyeokolewa mtoto wake hakimbii jina la mwokozi. Mama Kasuku akajifunga khanga, akamshika Bibi mkono, wakaenda kliniki.

Daktari wao wa siku zote, mzee aliyewajua wote, alimsikiliza Bibi kifua mbele na nyuma. Akavua vifaa vyake masikioni, akavivaa tena, akasikiliza upya. "Sauti hii naijua," alisema. "Hiki ni kifua cha mjukuu wako." Alisema kama utani, lakini hakutabasamu. Akampa dawa, na dawa haikusaidia kitu.

Mama Kasuku akasogea dirishani kwa karani. Akataka kumjua yule daktari aliyetumwa kwao usiku, na bei yake, akaomba asifichwe. Karani akashangaa. Akamweleza, bila haraka, kama anavyowaeleza wachache wanaouliza: madaktari wa usiku hawatembei majumbani. Ile namba hupokelewa na muuguzi. Anakusikiliza, anakushauri, na kupiga hakugharimu kitu. Akiona hali ni mbaya anakuelekeza kituo cha zamu, nyuma ya zimamoto. Huko ndiko bei inakopanda, kweli inapanda, na kadi ya wastaafu haipokelewi.

"Lakini hayo ni ya watu wazima," karani aliongeza. "Wa umri wa Kasuku halipi. Mchana wala usiku. Mtoto halipi."

Mama Kasuku akamwomba arudie, naye akarudia. Miaka yote ile walikuwa wamemwandika mtoto kwa Bibi ili kukwepa deni ambalo halikuwepo. Alitaka kucheka, ikamjia hasira, na nyuma ya hasira ikaja hofu, kwa sababu karani alikuwa amemaliza kwa kutazama daftari la simu za usiku na kusema kwamba jana usiku, kutoka nyumba yao, hakuna aliyepiga.

Alimkuta Fundi karakanani, amechuchumaa kati ya majokofu yaliyofunguliwa matumbo. Hakumpigia kelele. Alikaa juu ya ndoo, akamuuliza alimpigia nani. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa mpaka ikawa haina cha kufutwa.

"Sikupiga," alisema mwisho. "Simu ilikuwa imezima. Niliiweka sikioni nikasema peke yangu, ili uone nimepiga. Nilijua kutakucha, atapata nafuu kama siku zote."

"Ulisema nini?"

"Nilisema, njoo daktari, mtoto anaumwa, tutalipa." Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Halafu ikajibu, mke wangu. Simu iliyozima. Ikasema, nakuja."

Mkewe alitamani kumpiga na alitamani kumshika, na hakufanya lolote kati ya hayo.

Siku ile walifunga madirisha mapema, wakasogeza kabati mlangoni, wakakaa sebuleni wote wanne, Bibi kwenye kiti kirefu akihesabiwa kila pumzi na macho ya watu. Kasuku alikuwa mzima kabisa, na uzima ule ulitisha. Alikimbia, aliimba, alipumua kwa nguvu za watu wawili, na kila alipocheka Bibi alishika kifua. Hata mama yake, Mungu amsamehe, alijikuta akitamani anyamaze. Mwisho Bibi akaomba akalale chumbani kwake, kwa kuwa kama ni kufa afie kwenye mto wake, na wakamsindikiza, wakaacha mlango wazi na taa inawaka.

Mvua ikaanza tena, na ndani ya sauti ya mvua mlango ukagongwa, taratibu, kwa adabu, kama anavyogonga mtu anayejua anasubiriwa; Fundi akalikumbatia kabati kwa mikono yote miwili, mkewe akamfunika mtoto kwa khanga, na wakasikiliza, mpaka kugonga kukakoma, na kimya kikakaa kidogo, na ile harufu ya chuma kilicholala kwenye maji ikaanza kutambaa, lakini haikutoka mlangoni, ilitoka nyuma yao, kwenye korido, kule kulikokuwa na taa inayowaka, ambayo sasa haikuwaka, na Kasuku akatoa kichwa kwenye khanga akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mama, daktari yuko kwa Bibi."

Walipofika mlangoni pa chumba, mwanga wa sebuleni uliwaonyesha ameketi kando ya kitanda, kiganja kimeshuka juu ya kifua cha Bibi, viatu vyake vikavu vimepangwa sambamba. Bibi alikuwa macho. Mdomo wake ulifunguka na kufungwa, hewa hakuna. Kidogo kilichobaki ndani yake kilikuwa kikitoka, wote wakikiona kinavyotoka, na nyuma yao Kasuku alivuta pumzi ndefu, tamu, ya mtoto aliyeshiba.

"Namalizia," alisema daktari. "Hii ndiyo ya mwisho."

"Mwache mama yangu," Fundi alisema. "Andika kwingine."

"Uliniambia niandike kwa Bibi."

Hapo ndipo Mama Kasuku alipoingia. Maneno ya dirishani yalikuwa yamekaa kichwani mwake tangu asubuhi, na hakuwa na silaha nyingine.

"Aliyekuwa mgonjwa ni mtoto," alisema. "Mtoto halipi. Mchana wala usiku. Hakuna cha kuandika kwa mtu yeyote."

Daktari aliinua kichwa. Alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza mama yule aliona kwamba macho yale hayakuwa yamepepesa tangu jana.

"Kweli," alisema. "Mtoto halipi." Akaondoa kiganja. "Basi nilichochukua narudisha, na nilichotoa nachukua. Lakini kuitwa nako kuna ada yake. Na aliyeniita ni mtu mzima."

Bibi akavuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akakaa. Kwenye korido Kasuku akaanguka.

Hawakuangalia yule mtu ametokea wapi wala amekwenda wapi. Bibi mwenyewe ndiye aliyewafukuza, akiwaambia wasimlinde yeye ilhali mtoto anakata roho. Fundi akalitupa kabati pembeni, akatoa pikipiki yake ya magurudumu matatu, ile ya kubebea majokofu, mkewe akapanda nyuma na mtoto kifuani, wakaikata mvua mpaka nyuma ya zimamoto. Njia nzima mama alikuwa akiongea badala ya Kasuku, akimjibia maswali, akimbishia, ili asiisahau sauti yake.

Kituo cha zamu kilikuwa chumba cheupe chenye benchi, na muuguzi aliyekuwa na viatu vilivyolowa. Mama Kasuku aliviona viatu vile akataka kuvibusu. Mtoto alivalishwa barakoa ya hewa, akapigwa sindano, na mluzi ukaanza kulegea, polepole, kama inavyolegea pumu ya kweli kwa dawa ya kweli. Karani wa usiku akauliza, "Niandike kwa nani?" Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Mkewe akajibu: "Kwa jina lake mwenyewe." Karani akaandika, akawaambia hawadaiwi kitu, wamwombee apone.

Walirudi kumekucha, mvua imekatika. Bibi walimkuta jikoni, anachemsha chai, kifua hakina mluzi, anauliza kama safari hii kwenye kadi yake wameandika amezaa mapacha. Wakacheka mpaka machozi. Kasuku akadai naye aelezwe kinachochekesha, na maelezo hayakumtosha.

Fundi alicheka pamoja nao, kisha akatoka barazani. Mama Kasuku alikuwa akikata mkate. Kupitia dirishani alimwona mgongo, mkono umeinuka sikioni, na akamsikia akiongea kwa sauti ya chini na adabu nyingi, kama na mteja mkubwa. Alikuwa akiitikia tu. Ndiyo. Ndiyo, nakumbuka. Ndiyo, ni mimi niliyeita. Pumzi ilimkatika katikati ya neno, ikapiga mluzi mdogo, akamalizia.

"Hapana, siyo kwa Bibi," alisema. "Andika kwangu."

Mkewe akataka kumwita anywe chai kabla haijapoa. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake, na mezani, kando ya kikombe, ilikuwa simu ya Fundi, imezima.