Chanjo ya Kabula

Siku ya maonyesho pale Dutwa, ng'ombe waliacha kumsikiliza Elia. Mtasema si ajabu, ng'ombe hana adabu ya hotuba, na hotuba za Elia zilikuwa ndefu kiasi kwamba hata binadamu walizivumilia kwa sababu ya soda tu. Lakini kundi lililochanjwa, lililokuwa limetulia ndani ya zizi la miiba nyuma yake, liliacha kucheua kwa pamoja. Likageuka. Ng'ombe wote walimtazama mwanamke mmoja aliyekaa pembeni, Generoza, mtaalamu wa kampuni, kisha wakaanza kumsogelea.

"Mayu, wanadhani umeficha chumvi!" mzee mmoja alitania, akimwita mama kwa Kisukuma, na watu wakacheka. Generoza naye akacheka. Ndipo mtamba mmoja akapenyeza kichwa kwenye miiba, akalikamata pindo la kitenge chake. Hakulitafuna. Alilisokota kwa ulimi, akalisokota tena, akatulia nalo huku amefumba macho.

Generoza akaacha kucheka. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akilisokota pindo lake namna ile, na mtu huyo alikuwa amezikwa Bukundi.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi wa pamba walipishana barabarani na malori yao, ushirika ukapunguza watu, na majosho ya serikali yakakauka mpaka yakaota nyasi. Kupe wakafurahi. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikaingia mazizini, ikawa inamaliza ndama na mama zao. Jilala, mume wa Generoza, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa ushirika. Generoza alikuwa amesomea magonjwa ya mifugo chuo kikuu. Rafiki yao Elia alikuwa na mdomo wa kuweza kumuuzia samaki mtu wa Lamadi, kando ya ziwa. Wakaungana watatu hao, wakapanga ghala la zamani la pamba mjini Bariadi, wakalipaka chokaa na kupachika kibao: Mhola Bayoteknolojia. Mhola, yaani salama. Jilala akawa mkurugenzi mkuu, Generoza wa utafiti, Elia wa masoko. Kila jambo waliliamua kwa kunyoosha mikono mezani, kama bunge dogo, na aliyeshindwa alinyamaza.

Walipokwenda Dar es Salaam kuandikisha kampuni, walimwacha binti yao wa pekee, Kabula, kwa bibi yake Esteria, mama yake Jilala, huko Bukundi. Kabula alikuwa mtoto wa kung'ang'ania. Hakulala bila kulisokota pindo la kitenge cha mama yake kidoleni. Siku ya safari Generoza alilichomoa pindo lile taratibu, akamwambia, "Nitakuja Jumapili." Lakini ofisi za Dar zina njoo kesho zake. Jumapili ikapita, ikaja nyingine. Mtoto akashikwa na homa, mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali, na wazazi walipofika walionyeshwa kaburi. Bibi alisema mtoto alikuwa akiuliza swali moja tu: leo ni Jumapili?

Bibi Esteria husali kanisani na hawasahau masamva, yaani wazee waliotangulia. Kwa mila za kwao, marehemu hutengewa ng'ombe wake zizini, akaitwa kwa jina lake, asiuzwe wala asichinjwe, ili aliyekufa awe na pa kukaa nyumbani. Kwa kawaida hutengewa watu wazima. Bibi alisema mtoto anayesubiri mtu hawezi kuachwa nje asimame peke yake, akamtengea mtamba mwekundu. Mtamba akaitwa Kabula, na kila jioni bibi alipiga naye soga.

Generoza hakupenda kwenda kumwona.

Sasa chanjo yao ya ndigana. Chanjo ile ilitaka ng'ombe wa kuanzia, aliyewahi kuugua ndigana ya huku huku akapona, ili aambukizwe upya, kupe wamnyonye akiwa na homa, kisha kupe hao wasagwe na kugandishwa. Walijaribu ng'ombe kadhaa wakashindwa. Wafadhili walianza kuchoka kungoja. Ng'ombe mmoja tu waliyemjua alikuwa amepigwa na ndigana akainuka, na alikuwa Bukundi.

"Mimi nasema tumchukue," Elia alisema, akanyoosha mkono.

"Yule si wetu," Jilala akajibu. "Yule ni wa Kabula."

"Kabula ni marehemu, Jilala." Sauti ya Generoza ilitoka kavu kuliko alivyokusudia. "Ng'ombe ni ng'ombe."

Angesema nini kingine? Kukubali kwamba yule alikuwa zaidi ya ng'ombe kulikuwa kukubali kwamba bado kuna mtu anayemngoja. Akanyoosha mkono wake. Ikawa wawili kwa mmoja, na Jilala akanyamaza kama ilivyokuwa desturi yao.

Walikwenda Jumapili, bibi akiwa kanisani. Hawakuhitaji hata kamba. Mtamba alipomwona Generoza alitoka zizini mbio, akapanda mwenyewe kwenye pikapu kama mtoto aliyekuja kuchukuliwa. Bibi aliambiwa baadaye kwamba amepelekwa mjini kutibiwa.

Bariadi walimvalisha vifuko vya kupe masikioni. Homa ikapanda. Generoza alimpima joto asubuhi na jioni, na hakumtibu, kwa sababu homa ndiyo iliyotakiwa. Dawa ilikuwa kabatini, ukutani pale pale. Mtamba alikuwa akinyoosha shingo kila alipoingia, akimtafuta nguoni, lakini Generoza alivaa suruali na koti jeupe, hapakuwa na pindo la kushika. Mtamba alikufa kukipambazuka. Kupe wakasagwa, wakatiwa kwenye mirija myembamba, mirija ikazamishwa ndani ya tangi la baridi kali linalofuka moshi mweupe. Chanjo ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Ng'ombe waliochanjwa hawakufa, na watu wa Bukundi, Dutwa mpaka Lamadi waliwabariki wakurugenzi wale watatu.

Baada ya siku ile ya Dutwa, ghala lilianza kunuka mafuta ya mgando, yale Generoza aliyokuwa akimpaka Kabula baada ya kumwogesha, yamechanganyika na jasho la mtoto mwenye homa. Generoza alifungua madirisha. Akadeki kwa dawa. Harufu ikabaki. Jioni moja alimkuta Elia amesimama nje ya mlango, msemaji yule, midomo inamcheza.

"Shemeji, usiingie," alinong'ona.

"Kuna nini?"

"Kuna mtoto mle ndani."

"Mtoto wa nani?"

Elia alitazama chini, akampisha.

Aliingia. Taa ilikuwa inawaka, meza ziko mahali pake, na mwanzoni hakusikia kitu ila moyo wake, lakini alipolikaribia tangi aliona kwenye barafu iliyoganda juu ya kifuniko alama za vidole vidogo, vidole vya mtu anayejaribu kushika kitu akateleza, akashika tena akateleza, na ingawa miguu ilimwambia rudi, mkono wake ulikuwa umeshakiinua kifuniko, moshi mweupe ukamwagika mpaka sakafuni ukamfunika miguu, na kutoka chini kabisa ya baridi ile, pole pole, kama mtu aliyeamshwa usingizini, sauti aliyokuwa ameanza kuisahau ikamuuliza:

"Mayu, leo ni Jumapili?"

Ilikuwa Jumatano. Generoza alikifunga kifuniko. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba mikono yake ilipomsikia mwanawe, kitu cha kwanza ilichofanya ni kumfungia.

Walikwenda wote watatu kwa Mayige, mganga wa Dutwa, ambaye ukimkosa kwenye uganga unamkuta sokoni akitengeneza baiskeli. Alifuta grisi mikononi, akaupokea mrija mmoja waliomletea, akaunusa. Akaurudisha haraka.

"Mmeniambia jini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini ningelifukuza leo leo mkaenda kulala. Jini lina kwao. Huyu kwao ni kwenu. Mmembomolea nyumba, halafu mkamgawa kwenye mazizi ya watu."

"Tufanyeje, baba?" Jilala aliuliza.

"Mtafutieni mtamba mwingine, mwekundu, mumweke zizi lile lile. Kilichobaki kwenye tangi lenu kimwagwe hapo mlangoni. Na mama yake amwite." Akamgeukia Generoza. "Si mimi, mayu. Mimi hanijui."

Kumwaga tangi kulikuwa kuizika kampuni, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walipiga kura pale pale, katikati ya baiskeli zilizopinduliwa. Elia alinyoosha mkono kwanza, akilia. Jilala akanyoosha. Wa Generoza ulichelewa, wala si kwa uchungu wa kampuni. Alikuwa akifikiri kwamba sauti ile tangini ndiyo pekee iliyobaki ya mwanawe, na akishaimwaga hataisikia tena. Mwisho akaunyoosha.

Jumapili walikuwa Bukundi pamoja na Mayige. Bibi Esteria alikuwa amerudi kutoka kanisani, amekaa uani na kitenge chake cha ibada. Generoza alipiga magoti kumwamkia.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Bibi alilitazama tangi kwenye pikapu, akamtazama mtamba mgeni. "Kabula wangu yuko wapi?"

Generoza alisema yote. Jilala alishindwa hata kusimama karibu.

"Alipata homa?" bibi akauliza.

"Ndiyo, mayu."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukampa dawa?"

Generoza alitikisa kichwa.

"Mimi yule wa kwanza sikumpa dawa, ng'wanone, mwanangu, kwa sababu sikuwa nayo," bibi alisema. Kisha akanyanyuka kwa kujishika magoti, akaenda kufungua zizi. Hakumtukana, na Generoza alitamani angemtukana.

Mayige aliinamisha tangi mlangoni mwa zizi. Moshi mweupe ukatambaa chini, ukapita miguuni mwa mtamba mwekundu, ukaingia ardhini. Mganga akampa Generoza ishara. Alikuwa amevaa kitenge siku hiyo, kile kile cha zamani. Akalishika pindo, akalinyoosha mbele yake.

"Kabula," aliita. "Kabula, mwanangu. Mama amekuja. Leo ni Jumapili."

Mtamba alitetemeka mwili mzima. Akapiga hatua, akanusa, akalikamata pindo, akalisokota kwa ulimi, akafumba macho. Bibi Esteria akapiga kigelegele chembamba, cha mtu anayelia. Jilala alimkumbatia mnyama yule shingoni. Harufu ya mafuta ya mgando ilipita ikaisha, ikabaki harufu ya kawaida ya zizi, na kwa kitambo kidogo Generoza alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani mwake.

Ndipo ng'ombe wa jirani akalia. Akajibiwa na mwingine upande wa mtoni, na mwingine zaidi ya hapo, mpaka mbuga yote ikawa inaita, na vumbi likainuka huku na huku likaanza kusogea, na wachungaji walisikika wakipiga mbinja na kukimbia nyuma ya makundi yasiyowasikia tena, ng'ombe kwa ndama, maksai wamevunja nira, wote wakija kwenye zizi moja, kwa sababu mama yao aliita na wao walikuwa wamesikia. Walipofika hawakumdhuru mtu. Walisimama kumzunguka Generoza, wakinyoosha shingo, kila mmoja akisubiri zamu yake ya pindo.

Mayige alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Hawa wote?" alinong'ona.

"Hawa ni wa Bukundi tu," Elia akajibu. "Dutwa ni mbali, hawajasikia."

"Na Lamadi? Na waliouzwa wakaliwa?"

Elia alifunika uso.

"Basi mimi nimeishia hapa," mganga alisema. "Nilidhani anakusanyika. Kumbe kila kipande ni mtoto mzima."

Kampuni ilikufa, kibao kikashushwa. Elia yuko Lamadi, anauza samaki kweli. Jilala amerudi kwa mama yake Bukundi kumtunza mtamba mwekundu. Generoza naye yuko Lamadi, penye njia panda, ambako malori ya ng'ombe wa kuchinjwa husimama kabla ya kuendelea na barabara ya Mwanza. Madereva wanamfahamu, na wengine humcheka. Huenda ubavuni mwa lori akapenyeza pindo la kitenge katikati ya mbao, na mara nyingi hakuna kitu. Siku nyingine ulimi hutoka gizani mule, ukalikamata, ukalisokota.

"Mayu, leo ni Jumapili?"

"Leo, mwanangu," humjibu, siku yoyote iwayo. "Mama amekuja."

Kisha dereva huwasha lori, na Generoza hulichomoa pindo taratibu.